Mkanda Ulioanikwa Juani

Kitahana,
kwa mkono wa Mzee Hilali, dukani, Kibondo.
14 Desemba 1975

Mjomba wangu mpendwa,

Kabla ya salamu nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Bibi, si baba, wala padre kwenye kitubio. Naliandika juu kabisa kwa sababu nikianza na salamu nitaziongeza mpaka karatasi iishe. Ule mkebe uliotuachia, uliozungushiwa plasta nyeupe, niliufungua.

Sasa nakusalimu. Shikamoo, Mjomba. Shikamoo na kwa mke wako, na mwanao Reverien nampa pole ya masomo. Sisi hatujambo. Bibi anakupigia yale makofi yetu ya salamu na amenilazimisha niyaandike, ingawa nimemwambia makofi hayaandikiki. Baba bado yuko Kasulu kwenye kazi ya barabara, anakuja mwisho wa mwezi akiruhusiwa. Niyonsaba, yule mama wa Burundi aliyelala jikoni kwetu na watoto wake mwaka wa sabini na mbili, sasa ana shamba lake na anatuletea maboga. Mimi nimemaliza darasa la saba. Majina ya waliochaguliwa hayajatoka na sitazamii sana.

Macho ya Bibi yamezidi kupungua. Ananitambua kwa miguu, anasema nakanyaga kama mama.

Ilikuwa hivi. Wewe ulipiga picha zako mwezi wa Agosti sabini na tatu, ukaondoka, ukaacha mkebe mmoja wa filamu kwa sababu gari lilikuwa limejaa. Ulisema tuuweke mahali pakavu, pasipo mwanga. Bibi akauweka chini ya kitanda chake, ndani ya kapu la mbegu. Machi iliyofuata mama akafa. Ulituandikia kwamba mama yumo kwenye mkebe ule, amekaa anapukuchua maharage na anaongea, na kwamba siku moja tutamwona.

Masika ya mwaka huo hukuyaona, Mjomba. Kuta zilitoa maji. Mwezi Mei jua lilipotoka, Bibi alikwenda shambani akaniambia nitoe kila kitu nje nianike: mikeka, mablanketi, mbegu, nguo za mama ambazo hazijagawiwa. Nikatoa na mkebe. Ulikuwa na kuvu kwenye plasta. Nikafikiri, kama nje kuna kuvu, ndani kukoje? Nikamfikiria mama amekaa humo kwenye unyevu miezi yote hiyo.

Nikaibandua plasta taratibu. Mkanda nikaukunjua juu ya mikeka. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Niliunyanyua kuelekea mbinguni nimtafute mama, nikaona rangi ya kijivu tu kama maji ya majivu. Nilidhani picha haionekani mpaka iingie kwenye mashine. Mkanda uliota jua tangu saa nne mpaka saa saba. Kisha nikaukunja vizuri, nikarudisha plasta. Siku hiyo nilifurahi. Nililala nikiona nimemtunza.

Mwezi uliopita ulipouagiza mkebe, nilimkabidhi dereva wa misheni kwa mikono yangu. Halafu siku ya mwisho ya shule nikamuuliza Mwalimu Sylvesta, ambaye ana kamera, kama mkanda wa filamu huanikwa. Alicheka sana. Alisema mkanda ambao haujasafishwa ukiona jua hata kidogo, kilichokuwa ndani kimekufa. Sikumwambia kwa nini nauliza. Nilirudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili nisikutane na watu.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie tu nijue.

Mpwa wako,
Immakulata


Dar es Salaam,
16 Desemba 1975

Mpwa wangu Imma,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto. Huku tunalala milango wazi na bado tunatoka jasho. Mke wangu anakusalimu. Reverien ameanza kusoma na anasoma kila kitu, hata maandishi kwenye gunia la mchele. Mwambie mama yangu, Bibi yako, kwamba nampigia makofi ya salamu.

Hongera kwa kumaliza shule. Sasa tungoje majina yatoke.

Nina habari njema, msomee Bibi yako polepole. Mkebe umefika salama! Nimeutuma ng'ambo kwenye maabara wanakosafisha mikanda, ni kazi ya wiki kadhaa. Chuo kimenipa mpaka Juni niimalize filamu. Wakiipenda, watanipa niongoze somo zima la filamu, na nitapata mashine zangu na vijana wa kufundisha. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu wa Muyama. Kila mtu hapa anauliza filamu yangu ina nini, na mimi nawajibu kwamba ina wanawake wa kwetu waliofungulia wakimbizi milango mwaka wa sabini na mbili, na katikati yao yupo dada yangu. Bila yeye ni picha za vilima na mahindi.

Sijui kama nimewahi kukusimulia jinsi nilivyoiona sinema mara ya kwanza. Gari la sinema lilikuja Muyama, na kulikuwa na upepo, shuka likawa linapepea. Mwenye gari akatafuta watu warefu wa kushika pembe. Mimi nikashika ya kushoto, kwa nyuma. Kwa hiyo niliona yote kinyume, watu wanakula kwa mkono wa kushoto, na sikuachia pembe ile mpaka mwisho. Mama yako alikaa mbele na wenzake, akanicheka mwaka mzima: "Kipriani ameangalia mgongo wa sinema."

Juni nitakuja na mashine yangu. Nitamkalisha Bibi yako mbele kabisa. Mwambie ayatunze macho yake mpaka hapo.

Mjomba wako,
Kipriani


Kitahana,
20 Januari 1976

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku kwema. Tumevuna maharage, si mabaya. Majina yametoka, langu halimo. Baba amesema ni sawa, nimsaidie Bibi.

Barua yako imefika Mzee Hilali akiwa msibani, ikakaa dukani wiki mbili. Nimeangalia tarehe. Uliiandika kabla hujaipata yangu. Nilimsomea Bibi habari njema kama ulivyoagiza, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kuna barua na asingekubali nisisome. Tangu siku hiyo anaosha macho kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Anasema anayapumzisha. Mchana anakaa ndani amefumba, eti asiyamalize kwa kuangalia kuku.

Mjomba, je, barua yangu ya Desemba ilifika?

Immakulata


Dar es Salaam,
3 Machi 1976

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko salama. Mvua bado. Reverien alikuwa na surua, amepona.

Pole kwa majina. Shule si hiyo moja tu.

Nijibu jambo moja. Mkanda ule uliukunjua wote mpaka mwisho, au ulibakiza kidogo katikati, kwenye kile kigurudumu?

Msalimie mama. Kazi ni nyingi.

Kipriani


Kitahana,
28 Machi 1976

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu kwamba Reverien amepona.

Nilibakiza kidogo. Mikeka iliisha. Kilichobaki kilikuwa kimekazana kwenye kigurudumu, unene wa kidole gumba, nikakiacha kimejikunja hivyo hivyo na kukifunika kwa ukingo wa kanga, kwa sababu kuku walikuwa wanakuja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Haina neno la hasira na haina neno la msamaha. Nimemwona Bibi akitafuta punje ya harage sakafuni kwa vidole, anapapasa pale pale, na punje iko karibu na goti lake. Barua yako naisoma hivyo hivyo.

Leo ni miaka miwili na siku sita tangu tumzike mama. Wewe hukuweza kuja, tunajua, ni mbali. Tulikwenda kupalilia kaburi, mimi na Niyonsaba. Alilia kuliko mimi. Alisema mama alimgawia nusu ya shamba bila kumuuliza hata jina, jina lake alilijua baadaye, siku ya tatu. Nilitaka kumwambia Niyonsaba habari ya mkanda, kwa sababu na yeye anamngoja mama. Nikashindwa. Nikaendelea kung'oa majani.

Baba anataka tumpeleke Bibi Kasulu akaonwe macho. Bibi anakataa. Anasema daktari asimguse mpaka Juni ipite, asije akaharibu kidogo kilichobaki. Kila Jumapili baada ya misa anawaambia watu kwamba mwanawe anakuja na mashine kumwonyesha binti yake. Watu wananiangalia mimi na kutabasamu.

Ningependa unitukane, Mjomba.

Immakulata


Dar es Salaam,
11 Mei 1976

Imma, mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Hapa tuko wazima.

Barua yako ya Desemba niliipata tarehe tano Januari. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo, kwa hiyo sasa nisikilize.

Mkanda umerudi. Ni mweupe. Ukiuweka kwenye mashine unaona shuka lenye mwanga na basi. Ila kile kidogo ulichofunika kwa kanga kimepona, nacho ndicho mwanzo wa picha, kwa sababu kamera huukunja mkanda ikianzia ndani. Ni sekunde nne. Mama yako anakaa kwenye kigoda, anavuta ungo, anageuza uso kama mtu anayemtafuta mwenzake pembeni. Kisha weupe unamla kuanzia bega.

Wewe unadhani umeua kitu. Sasa nikwambie kilichotangulia. Nilisema gari limejaa. Mkebe mmoja, Imma. Ungetosha kwenye mapaja yangu. Gari halikujaa.

Niliuacha kwa sababu ya maneno aliyosema humo. Nilimuuliza habari za wageni wa sabini na mbili, akajibu vizuri, halafu akaacha kupukuchua, akaniangalia mimi, si kamera, akasema: "Baba yetu hana picha hata moja. Mwenye mashine hakuwepo." Babu yako alipokufa nilikuwa ng'ambo nasomea kazi hii. Waliniandikia mara tatu. Ningeweza kurudi. Ningekosa mtihani mmoja, na sikutaka kuukosa. Sikutaka wenzangu hapa chuoni waisikie sauti ile, wala mimi kuisikia tena kila siku mezani pa kazi. Nikauacha chini ya kitanda cha mama, nikajiambia nitaufuata. Alipokufa dada yangu Maximilla niliambiwa kwa simu ya maandishi, siku ya pili. Kulikuwa na treni. Na hapo pia sikuja.

Nimewaambia chuoni kwamba mkanda niliuharibu mimi kwa kuuacha. Ni kweli tupu. Filamu nimeiondoa. Somo la filamu sitaliongoza, mashine atapewa mwingine. Wameniachia darasa la kufundisha vijana jinsi ya kuzitazama filamu za watu wengine. Usisikitike juu yangu. Nilianza kwa kuangalia mgongo wa sinema, nadhani hapo ndipo mahali pangu.

Lakini sauti hukaa kwenye mkanda wake peke yake, na sauti niliondoka nayo, nikaifungia sandukuni, kwa sababu bila picha yake sikulazimika kuisikiliza. Jua lako halikuigusa. Tamimu, kijana aliyenasa sauti siku ile, anapita Kasulu mwanzoni mwa Juni kwa kazi nyingine. Nimempa tepu, na mkanda mweupe, na mashine. Mimi siwezi kuja. Ruhusa ningepewa, tatizo si ruhusa.

Kazi yangu ni kukata mikanda, nawafundisha wanafunzi wapi pa kukata. Hii sikukata mahali popote. Bibi yako ayasikie yote.

Mwambie ukweli kuhusu picha, au usimwambie. Sijui. Naona aibu kukuachia wewe uamue, na bado nakuachia.

Kipriani


Kasulu,
9 Juni 1976

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwa baba. Wote hawajambo. Bibi amelala mchana huu na anakoroma vizuri.

Tamimu alifika Jumatatu. Bibi alimshika mkono, akamuuliza kwa nini vijana wa pwani ni wembamba hivi, huko kwenu hampiki? Tamimu akajibu, "Tunapika, Bibi, ila tunawaachia wageni." Bibi akampenda hapo hapo.

Tulipewa darasa la katekisimu, kwa sababu misheni wana jenereta. Ilikuwa saa tisa mchana. Baba alipigilia mablanketi madirishani. Nilimwomba asiwaite watu, na akitaka kukaa ndani asiseme neno lolote hata akiona nini. Aliniangalia, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Tamimu alikuwa anajua, ulimwambia wewe.

Sikuwa nimeamua, Mjomba. Mpaka Bibi anakaa kwenye benchi nilikuwa bado nataka kumwambia. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Mwanga ulipowaka kwenye shuka akainama mbele, akapiga makofi taratibu kama anavyokusalimu wewe, akasema, "Mwidiwe, Maximilla." Alilisalimu shuka. Baada ya hapo sikuweza.

Zile sekunde nne nimeziona. Mama alivaa gauni la kijani lenye mfuko, nilikuwa nimelisahau. Akakaa, akavuta ungo, akageuka. Kisha akaungua, na shuka likawa jeupe, na sauti ikaendelea.

Bibi akasema, "Nilimwona mtu. Sasa naona weupe tu. Ni macho?"

Nikamwambia ni macho. Ndivyo nilivyomwambia, Mjomba. Nimemsingizia macho yake.

Akaniuliza, basi anafanya nini? Nikaanza kumwambia. Anapukuchua. Sasa ameacha, amejikuna shingo. Ametupa ganda kule. Nilikuwa nasikiliza sauti na kutengeneza picha juu yake. Kwenye tepu maganda yanasikika yakipasuka, kwa hiyo mikono yake sikuibuni. Aliposema habari za Niyonsaba, nikasema anaonyesha kwa kidole upande wa jikoni. Bibi akatikisa kichwa, "Ndiyo, ni yeye, anaonyesha sana."

Yakafika yale maneno aliyokuambia. Baba yetu hana picha hata moja. Nilitamani mashine ikwame. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu alimgombeza Kipriani tangu wanachunga mbuzi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini amesema kweli." Na baadaye kidogo, "Mwambie Kipriani aje. Simgombezi. Aje tu, nimshike kichwa." Nakuletea maneno hayo kama yalivyo, na mimi sikukata.

Nilidhani yameisha. Sikujua kwamba kuna kitu kingine kwenye tepu ile, labda wewe ulisahau, au ulijua. Mama alisema, "Imma, njoo ukae hapa tutoke wote pichani."

Unakumbuka nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya ghala, niliogopa mashine yako. Alikuwa ananitaka karibu naye tangu mwanzo, ndiyo maana kwenye zile sekunde nne amegeuza uso. Ananitafuta mimi.

Tepu ikakaa kimya. Jogoo akawika. Mama akaita tena, "Njoo, mama, haiumi." Kimya. Ndani ya kimya kile nilijisikia nikiwa nimesimama kule nyuma, nachuna udongo wa ghala kwa kucha. Mama akacheka kidogo, akaendelea kupukuchua.

Bibi siku ile alikuwa Muyama kwa dada yake, hakujua. Akanishika mkono gizani, akaniuliza, "Ulikwenda?"

Shuka lilikuwa jeupe tupu.

Nikasema, "Nilikwenda, Bibi. Nimekaa hapo kushoto kwake. Ameniwekea ungo mapajani tusaidiane."

"Anakuangalia?"

"Ananiangalia."

Bibi akasema, "Sasa basi, waje wanipasue macho wakitaka." Mashine ikaanza kupiga mkia wa mkanda, tap tap tap, na Tamimu hakuizima upesi kwa sababu alikuwa anajifuta uso. Baba alikuwa ameshatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, akaanza kubandua mablanketi.

Najua sasa atawasimulia watu wote Kitahana, na Niyonsaba, na kila Jumapili baada ya misa. Tamimu ameapa kunyamaza. Baba hatasema. Umebaki wewe, nawe ndiye uliyekuwa nyuma ya kamera, na wewe peke yako unajua nilikuwa wapi. Ukija, na nakuomba uje, atakuuliza, maana anapenda kusikia jambo moja kwa watu wawili. Mwambie gauni lilikuwa la kijani. Na akikuuliza kama nilikwenda mama aliponiita, Mjomba, usimwambie mtu, hata nikiwa mzee, hata Bibi akiwa hayupo tena. Sema nilikwenda.

Mpwa wako,
Immakulata